Mama Ananusa Gesi

Fundi wa gesi alipokuja mara ya tatu hakufungua hata mkoba wake. Alisimama kwenye mlango wa jiko la mama yangu, akavuta hewa puani mara mbili, kisha akanigeukia.

"Bwana Fabián, hapa hakuna gesi inayovuja. Mwezi uliopita haikuwepo, na mwezi ule mwingine haikuwepo. Ukiniita tena nitakuja, lakini jibu langu unalijua."

"Mwambie mwenyewe," nikasema, nikamwonyesha kwenye korido.

Mama alikuwa ameketi huko, koti mwilini, mkoba mapajani, kama abiria aliyeambiwa treni imekaribia.

"Inanuka," alisema. "Nyinyi wanaume pua mmepewa pambo tu."

Fundi akacheka, akaaga. Hazikupita dakika kumi mama akaniuliza kama nimeshamwita mtu wa kuangalia gesi.

Mama anaitwa Nélida. Alipokuwa na miaka sabini na moja virusi vilimpanda kwenye ubongo, akalazwa wiki sita. Alitoka hospitali anatembea, anaimba, anacheza karata na kutufunga sote. Aliyakumbuka maisha yake yote mpaka karibu na siku ya homa. Ila kuanzia hapo, jipya halikai. Ukitoka chumbani kwenda msalani, ukirudi anakusalimu na kukuuliza umefika saa ngapi.

Miezi mitano baada ya kurudi nyumbani, baba yangu Rómulo alianguka jikoni akichemsha maji ya mate, ile chai yetu ya majani machungu. Ilikuwa Alhamisi mchana. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mama, kwa sababu Zunilda, mwanamke wa Kiparaguai anayetusaidia kumtunza mama, alikuwa ametoka kwenda kwa mwoka mikate. Zunilda aliporudi alimkuta mama kwenye korido, amevaa koti.

"Usiingie jikoni," mama alimwambia. "Kunanuka gesi."

Baba alikuwa chali sakafuni. Moto ulikuwa unawaka vizuri chini ya birika, na maji yalikuwa yamekauka.

Tulimzika kwenye makaburi ya Chacarita, katika yale mashubaka ya ukutani yaliyo chini ya ardhi. Mama alilia mpaka akashikwa mabegani. Baada ya robo saa akanivuta mkono na kuninong'oneza, "Kafa nani?"

Wiki za kwanza tulimwambia ukweli. Kila akiuliza Rómulo yuko wapi, tulimjibu, na kila tukimjibu ilikuwa mara ya kwanza kusikia. Jumapili moja nilihesabu mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili nilisema, "Ameenda Rosario, kwa ba'mdogo." Akatulia. Dada yangu Silvina alinikazia macho, lakini hakunikatiza. Tangu siku hiyo baba akawa yuko Rosario, mji ulio mbali na hapa. Zunilda hatukumuuliza maoni yake, tulimpa tu agizo: bibi asiambiwe.

Silvina ni mchambuzi wa nafsi. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akikaa nyuma ya kochi la wagonjwa mtaa wa Palermo akisikiliza watu. Hapa Buenos Aires hilo si la ajabu, muuza nyama wetu anaweza kukukatia mbavu huku akikueleza mchambuzi wake alivyosema kuhusu mama yake mzazi. Mimi ni fundi wa lifti. Napenda hitilafu inayoonekana ukimulika kwa tochi.

Kila baada ya miezi mitatu tunampeleka mama kwa Daktari Kohan, mtaalamu wa saikolojia ya ubongo, mwanamke mfupi mwenye haraka. Humpa mama mchezo mmoja. Anaweka karatasi yenye mchoro wa nyota, anaikinga kwa kibao ili mtu asiuone mkono wake ila kwenye kioo, halafu mtu apitishe penseli juu ya mistari. Kioo hugeuza kila kitu. Nilijaribu, nikatoka na kitu kama buibui aliyekanyagwa. Mama alipofanya mara ya kwanza alikuwa kama mimi. Mara ya tano alipita mle mle kwenye mstari, safi.

"Umewahi kuuona mchezo huu?" daktari akamuuliza.

"Sijawahi. Na ni wa kitoto."

"Mkono wako unaujua."

"Mkono wangu umezaliwa na akili," mama akasema. "Siyo kama wa huyu."

Siku hiyo tulimweleza daktari habari za gesi. Mama alikuwa amebaki na Zunilda sehemu ya kungojea.

"Hakuna mtu aliyejificha ndani yake anayekataa kuingia jikoni," Daktari Kohan alisema. "Ubongo hujifunza kwa njia nyingi, na nyingi kati ya hizo hazipiti pale tunaposema 'mimi'. Mwili wake umejifunza kwamba jikoni kuna jambo baya. Yeye hana habari."

"Na anayesema gesi ni nani?" Silvina akauliza.

"Mdomo. Mtu miguu ikigoma ataulizwa kwa nini, na mdomo hauwezi kukaa kimya. Utachukua sababu yoyote iliyo karibu. Si yeye tu, ni sisi sote. Tunawapima wanafunzi wazima wa afya. Wanachagua kitu kwa sababu ya jambo ambalo hawakuliona kabisa, kisha wanakupa sababu tatu nzuri, na wanaziamini."

"Sawa. Lakini kwa nini gesi? Mbona hakusema panya? Mbona hakusema sakafu inateleza? Amechagua kitu kinachoua jikoni bila kuonekana."

Daktari akaizungusha kalamu yake mezani. "Hapo sina kipimo," alisema.

"Mimi ninacho. Ninamsikiliza."

"Msikilize. Ila msiache kuangalia na anachofanya. Na jambo jingine. Habari hufutika kwake, lakini hisia hukaa. Mkimhuzunisha asubuhi, jioni atakuwa bado na huzuni, ila hatajua imetoka wapi. Mnamwambia nini kuhusu mumewe?"

Silvina akanitazama. "Tunamwambia yuko Rosario," nikasema.

Daktari akavuta daftari lake. Aliandika.

Ule mwaka mama hakutulia. Ukitaja Rosario anainuka. Anatembea kwenye korido kutoka mlango wa mbele hadi wa chumba chake, anageuka, anarudi, anagusa ukuta kila akifika. Siku moja aliviita viatu vya baba "takataka zinazochukua nafasi", akampa jirani jozi nne. Akaacha kuuliza baba anarudi lini. Zunilda alipomletea mate alitaka kikombe kiwe chake peke yake, yeye ambaye kwa miaka arobaini na tano alipokezana kile kikombe na baba hata wakiwa wamenuniana. Niliyaona yote hayo. Nikaenda kutengeneza lifti za watu.

Na mimi nilikuwa na yangu. Alhamisi sikuweza kwenda kwa mama. Sikuwa nimeamua, ilitokea tu. Alhamisi hii mtu amenasa ghorofa ya nane, ijayo kamba za chuma zinatakiwa kukaguliwa, inayofuata bawabu fulani ananililia. Zamu zilikuwa zangu kuzipanga, lakini nilizizungumzia kama mvua, kitu kisichopangwa na mtu.

"Na wewe unanusa gesi," Silvina aliniambia siku moja kwenye simu.

"Nina kazi, Silvina. Kuna watu wanapanda ngazi na magoti mabovu."

"Alhamisi tu magoti yao ndiyo yanauma?"

"Kamchambue anayekulipa," nikasema, nikakata.

Jambo lenyewe lilitokea Agosti, katikati ya baridi. Zunilda alikuwa na jino lililomnyima raha siku nne, na daktari wa meno alimpa nafasi Alhamisi saa tisa. Silvina alikuwa na wagonjwa mfululizo. Nikakubali kukaa na mama kuanzia saa nane na nusu. Saa hiyo ilipofika nilikuwa bado juu ya lifti moja mtaa wa Once, nafanya kazi ambayo ingeweza kungoja hadi kesho yake. Simu ya Zunilda ikaingia.

"Bwana Fabián, umefika wapi? Nikichelewa hawanipokei."

"Niko kona hapo, nenda tu," nikasema.

Sikuwa kona. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko na nilijua kabisa niko mbali, lakini maneno yalitoka yenyewe, laini, kwa sauti ya mtu mkweli. Nilifika saa kumi na dakika ishirini. Mlango ulikuwa wazi. Koti la mama halikuwepo msumarini, wala mkoba.

Nilikimbia mpaka kwa mwoka mikate, mpaka duka la dawa, mpaka kituo cha basi. Nilimpigia Silvina. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumtoa mgonjwa kwenye kochi kabla ya saa kwisha. Nilipiga polisi, wakaniuliza amevaa nini, nikajikuta siwezi kusema rangi ya koti nililoliona kila siku. Nilirudi nyumbani nikimtafuta hata chini ya kitanda, kama paka.

Zunilda akaingia saa kumi na moja kasoro, shavu limevimba, nusu ya mdomo imekufa ganzi.

"Bibi yuko wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia na lile la kona. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kile kiti cha korido, akakunja leso yake mara nne, akaikunjua.

"Bwana Fabián," alisema, akiyavuta maneno kwa upande ulio hai, "mimi nafikiri najua aliko. Leo ni Alhamisi."

"Kwa hiyo?"

"Alhamisi huwa tunakwenda kwa mzee."

Sikuelewa. Akarudia polepole. Kwa zaidi ya mwaka, kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, alimvalisha mama koti na wakaenda Chacarita kwa miguu, makutano kumi na mawili ya barabara, wakashuka zile ngazi, wakasimama mbele ya shubaka la baba. Wakiondoka walinunua mikate njiani.

"Tulikwambia asiambiwe," nikasema. Sauti yangu ilikuwa mbaya.

"Sikumwambia. Neno hilo halijatoka kinywani mwangu hata siku moja. Nilimtembeza tu." Akafuta mate yaliyokuwa yanamtoka bila yeye kuhisi. "Kwetu mjane hafichwi kaburi. Mkitaka kunifukuza, nifukuzeni, ila kwanza twende."

Tulikwenda nusu tukikimbia. Nilimwuliza kuhusu ile barabara kubwa, mabasi yanavyopita pale kama yamefukuzwa.

"Anasimama mwenyewe penye taa," Zunilda alisema. "Miezi mingi sasa mimi ndiye ninayemfuata. Ukimwuliza tunakwenda wapi, hajui. Lakini kona hakosi."

Silvina alitukuta langoni, ameshuka kwenye teksi, nywele zimesimama. Zunilda akatutangulia. Chini kule ni baridi ya aina yake, kuta ndefu za mawe, majina kwa maelfu. Ningekuwa peke yangu ningepotea, kwa sababu tangu mazishi nilikuwa sijakanyaga. Tukapinda kushoto, tukapinda tena, na mama alikuwa pale. Alisimama wima, mkoba umening'inia kwenye kiwiko, kiganja cha mkono wa kulia kimewekwa juu ya bamba la shaba lenye jina la baba. Hakuwa akilia. Hakuwa akitembeatembea. Ndiyo mara ya kwanza kwa muda mrefu kumwona amesimama mahali pamoja.

"Mama," nikasema.

Akageuka. "Fabián. Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi. Umekuja kufanya nini huku?"

Akafikiri. "Nilitoka kununua mkate."

"Hapa hawauzi mkate, mama."

"Naona," alisema, akatazama huku na huku. Kisha uso wake ukabadilika. "Baba yako yuko wapi?"

Neno Rosario lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lilikuwa limezoea njia. Lakini nilikuwa naliona jina la baba limechomoza kati ya vidole vyake, na kinywa changu hakikufunguka. Silvina akasogea, akamshika mama mkono ule mwingine, akamwuliza kwa sauti ya chini, si ile sauti yake ya kazini:

"Wewe unaonaje, mama?"

Mahali fulani mbali mtu alikuwa anaburuta ngazi ya chuma.

"Mimi naona amekufa," alisema. "Hakuna aliyeniambia. Lakini naona amekufa."

"Ndiyo, mama. Amekufa."

"Muda gani?"

"Mwaka na miezi."

Akaitikia kwa kichwa. Machozi yakaanza kushuka, na mimi nikajikaza kungojea kile kilio cha mwanzo, kile cha mara kumi na moja. Hakikuja. Alilia kama mtu aliyekuwa analia tangu asubuhi na sasa anaendelea. Zunilda akampa ile leso.

"Nani alikuwepo?" mama akauliza. Akanitazama mimi. "Ulikuwepo?"

"Sikuwepo," nikasema. Ningeweza kuishia hapo. "Alinipigia simu siku ile, saa nane na dakika kumi. Niliona jina lake. Alikuwa ananipigia kila siku kwa mambo madogo, balbu, rimoti. Nikaiacha ilie. Nikasema nitampigia baadaye."

Sikuwa nimemwambia mtu. Si mke wangu, si Silvina. Simu ile niliibadilisha wiki iliyofuata, na aliyeniuliza nilimwambia betri imechoka, na mimi mwenyewe niliamini ni betri. Silvina hakugeuka kunitazama. Namshukuru kwa hilo mpaka leo, kwa kuwa najua ilivyomgharimu.

Mama alinishika kidevu, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo nikirudi shule na uchafu usoni.

"Alikuwa anasumbua sana na simu," alisema.

Tulipanda ngazi taratibu. Tulipofika langoni alikuwa ameshasahau, maana alituuliza ni nani amezikwa. Silvina akamwuliza yeye anaonaje, na akajibu vile vile, kwa maneno machache zaidi. Jioni ile hakutembea kwenye korido. Alikula, akamkaripia Zunilda kwa kutafuna upande mmoja, akaenda kulala.

Rosario tuliifuta. Sasa akiuliza baba yuko wapi, tunamrudishia swali. Mara nyingi anajibu mwenyewe. Si kila siku ni nyepesi. Mara mbili alitupigia kelele kwamba tumemwua na tunamficha, na mara moja alimrushia Silvina sahani. Viatu anaendelea kuvigawa, safari hii vyangu, nikiviacha mlangoni. Zunilda hatukumfukuza, tulimwomba radhi. Alipokea bila kusema sana, akataka tu tumwongezee siku ya mapumziko.

Daktari Kohan aliposikia habari alitaka kuja na wanafunzi wake watembee nyuma ya mama wakipima. Silvina alikataa katakata. Wanabishana bado, kila baada ya miezi mitatu, na siku hizi nahisi wanaingojea siku hiyo. Daktari anasema miguu ilifundishwa kwa kurudiarudia, zaidi ya mara sabini, kama penseli na ile nyota, na hisia ilipanda juu yake. Silvina anasema mtu hafundishwi kufiwa kama anavyofundishwa kona, kwamba mama alikuwa anaomboleza kwa njia iliyobaki wazi.

"Labda tunasema kitu kimoja," daktari alisema safari iliyopita.

"Hapana," akajibu Silvina. "Lakini endelea."

Mimi niliwauliza kuhusu lile neno kona, lililotoka kinywani mwangu siku ile juu ya lifti. Kila mmoja akanipa jibu lake, yote mawili ni mazuri, na hakuna lililonitosha. Kuna saa nafanya kazi, nimeshika spana, ghafla najiuliza jambo ninalolifanya ni kwa sababu ile ninayoisema au kwa nyingine. Halafu nashindwa kufunga nati. Mke wangu anasema nimekuwa mtu wa kugeukageuka kitandani.

Alhamisi nimejitoa kwenye zamu. Wiki iliyopita jua lilikuwa kali na miti ya jacaranda ilikuwa imemwaga maua njia nzima. Zunilda alibaki nyumbani kufua. Mama alitangulia, mkoba kiwikoni, akasimama penye taa bila kuangalia taa, akavuka, akapinda. Mimi nilikuwa nyuma hatua mbili na nilikuwa nahema.

"Mama, tunakwenda wapi?"

"Sijui," alisema bila kupunguza mwendo. "Ila tumechelewa."